Arobaini na Moja

Saa kumi alasiri, na Tartu imeshawasha taa.
Theluji inaanguka kivivu,
kama mtu anayepekua karatasi bila kuzisoma.
Nimepakia tasnifu ya Taavet Luik,
kurasa tisini na sita juu ya maji ya vinamasi,
na mashine imeanza kumpapasa kijana kichwani
ikitafuta manyoya ya kuku.

Subiri, inasema. Kiduara kinazunguka.
Nachemsha maji. Kikombe changu kina ufa
tangu enzi nilipokuwa na meno yote.

Matokeo: asilimia tano.
Safi kama sahani ya mgeni.

Nafungua nione hiyo tano ni ya nini.
Nyekundu ya kwanza: *Namshukuru mama yangu
kwa uvumilivu wake usio na kifani.*
Sentensi hii, yasema mashine,
imeonekana kwa watu mia mbili na kumi na wawili.
Mia mbili na kumi na wawili,
na mama zao wote wavumilivu!
Nyekundu ya pili ni jina la chuo chetu.
Ya tatu: *kwa kiasi kikubwa.*
Nacheka peke yangu hadi Helve wa masjala
ananichungulia, koti lake mwilini.
Nenda tu, namwambia. Nitafunga mimi.

Kisha ukurasa wa hamsini na tatu.
Mweupe. Haukupakwa hata tone la rangi.
*Katika kisima cha tatu, kina cha maji
kilikuwa sentimita arobaini na moja.*

Kilikuwa kumi na nne.

Najua, kwa kuwa niliyepima ni mimi,
Machi ya themanini na sita,
magoti kwenye barafu, wino umeganda kalamuni,
nikaandika kwa penseli niliyoikamata kwa meno
kila nilipohitaji mikono miwili.
Usiku nikachapa kwa Kirusi, vidole vimevimba,
nikazigeuza tarakimu mbili
kama mtoto anayevaa viatu kinyume.
Hakuna aliyeona. Ripoti ikatoka, jalada la kijani,
na juu yake jina la Profesa Kaljuste,
ambaye siku ile hakushuka garini.
Mimi nilikuwa ukurasa wa mwisho, pamoja na dereva,
chini ya *msaada wa kiufundi.*

Nakala sita tu. Moja imo ghala la chini,
rafu ambayo hata panya wameichoka.
Mashine haijui kwamba ipo.

Kwa hiyo kijana alishuka zile ngazi.
Alikaa na kamusi ya lugha wasiyoitaka wenzake,
akageuza neno baada ya neno, siku nzima labda,
na jasho la wizi, ukilionja,
lina chumvi ileile ya jasho la kazi.

Nimshtaki kwa kumwibia nani?
Mwenye jina amelala makaburini Raadi,
chini ya jiwe zuri, na maua kila Novemba.
Mwenye magoti yupo hapa, chai inampoa.
Katika kurasa zile zote
profesa alipiga pasi kila sentensi yangu
mpaka ikanyooka ikawa yake.
Kosa tu ndilo hakulijua.
Miaka yote hiyo limekaa gizani likinisubiri,
likiwa na sura yangu.

Skrini inaning'iniza kitufe cha kijani:
*Imepita.* Kinapumua, kinapepesa.
Nakiacha kipepese.

Nachapa ukurasa wa hamsini na tatu peke yake,
natafuta penseli, ya mti, ya kuchongwa,
na pembeni, karibu na ile arobaini na moja, naandika:

Taavet, njoo kesho saa tatu.
Vaa buti. Beba shoka la barafu, mimi nina rula.
Kisima cha tatu bado kipo.